Mkaguzi Niliyemtuma kwa Mke Wangu

"Aende?" mwenzangu aliniuliza.

"Aende," nikamjibu.

Nililitamka neno hilo nikiwa na kijiko cha supu mkononi, ghorofa ya pili ya mgahawa mmoja wa mtaa wa Xiaobei ambako Watanzania tulizoea kula mchana. Aliyeuliza alikuwa mfanyabiashara kutoka Mwanza, mtu wa makamo, niliyepanga naye nyumba moja hapa Guangzhou. Aliyesubiri ruhusa alikuwa binamu yake, ambaye zamani alifanya kazi ya kukagua mizigo hapa mjini na sasa amerudi Tanzania, ananunua mazao upande wa Makambako. Na alikotakiwa kwenda ni nyumbani kwangu, shambani, akamkague mke wangu bila mwenyewe kujua.

Ningeweza kukataa. Mwenzangu angecheka, tungemaliza supu, tungekwenda soko la Zhanxi kuangalia viatu kama siku nyingine zote. Simlaumu. Yeye aliuliza tu. Aliyejibu ni mimi.

Sasa nina miaka sabini na mbili, na bado sijaweza kuieleza siku hiyo bila kumweleza kwanza mke wangu alikuwa mtu wa namna gani.

Alizaliwa nyanda za juu, kwenye ukoo wa wakulima wa mahindi, na hakuwahi kuwa kitu kingine wala kutamani kuwa kitu kingine. Nilimwoa akiwa na miaka ishirini. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina cheti kwenye bahasha na sina kazi. Baba yangu alitupa ekari nne na fahali mmoja mkorofi. Wa pili mke wangu alimleta kutoka kwao, na ni yeye aliyewafundisha wawili wale kuvuta jembe pamoja. Mwanzoni mimi ndiye niliyeshika plau, yeye akiwaongoza kwa mbele. Baada ya msimu mmoja akaninyang'anya.

"Ukilima wewe, mahindi yanaota kama watu waliotoka kilabuni," alisema. "Njoo mbele huku, ushike kamba. Ng'ombe wanajua njia, watakuongoza."

Alipanda kwa kamba yenye mafundo, fundo moja shimo moja, na hata watoto walipokuwa wakubwa na kudai kwamba wanaweza kukadiria kwa macho, hakukubali. Mbegu alizichagua mwenyewe: mahindi ya katikati ya shamba, si ya pembeni, gunzi lililojaa hadi ncha. Aliyafunga mawili mawili kwa maganda yake na kuyatundika juu ya meko, yakapigwa moshi hadi yakawa meusi kama buti. Punje akiitia jinoni alikwambia kama inaweza kuingia ghalani au irudi juani siku mbili. Alizaa sita, tukazika mmoja. Kwayani aliimba sauti ya pili miaka yote, na akirudi kanisani Jumapili alikuwa amevua viatu vizuri kabla hajafika mlangoni, amevishika mkononi, anakwenda kuona nguruwe wamekula nini.

Alikuwa mcheshi, lakini kwa siri. Mgeni asingejua. Mimi nilijua kwa sababu mara nyingi nilikuwa ndiye ninayechekwa.

Nilipofungua duka la viatu Makambako, shamba likabaki kwake. Nilipoanza kununua Dar es Salaam, likawa lake zaidi. Na nilipofika Guangzhou kwa mara ya kwanza, nikiwa na miaka hamsini na tatu, nilikwisha kuwa mtu wa kuuliza tu, "Mvua imenyesha?" Yeye alilima, akakamua alizeti, akasomesha watoto, akawaozesha. Nilirudi mara moja kwa mwaka, pengine mara mbili, nikakaa kwenye kiti kizuri kama mwenyekiti wa kikao.

Kazi yangu hapa ilikuja kuwa ya kuwanunulia wengine. Watu wa Mbeya, Songea na Iringa waliagiza, nami nilizunguka masokoni, nikafunga mizigo na kuipakia. Kazi hii humharibu mtu macho. Unaonyeshwa kiatu kimoja kizuri, unaletewa boksi ambalo safu ya juu ni nzuri na ya chini ni gundi tupu. Unamuuliza laobani, mwenye duka, anakutazama kama vile wewe ndiye uliyembadilishia. Ndiyo maana tukawa na wakaguzi. Mkaguzi anakwenda kiwandani kabla boksi halijafungwa, anapiga picha, na katika kila picha anaweka karatasi yenye tarehe ya siku ile na maki ya mwenye mzigo. Maki ni ile alama ambayo kila mfanyabiashara anaandikiwa kwenye maboksi yake ili yasichanganyike na ya wengine. Bila karatasi ile, laobani atakutumia picha ya mwaka jana.

Maki yangu ilikuwa duara lenye mstari mmoja katikati. Ilikuwa chapa ya ng'ombe wetu. Wazo lilikuwa la mke wangu.

"Weka chapa ya ng'ombe," aliniambia nilipokuwa natafuta herufi za kuandika. "Hata wewe ukipotea huko, nitakwenda mnadani nikutambue."

Basi kwa miaka mingi maboksi yenye alama ile yalifika nyumbani, na viatu vikishatolewa aliyahifadhia maharage.

Alikuja Guangzhou mara moja, akakaa siku kumi na mbili. Nilimpeleka Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla, akapita kwenye midoli na madaftari bila kusimama, akasimama kwenye uyoga mkavu. Aliuchukua mmoja, akaunusa, akauma kidogo. Mwenye duka alipiga kelele. Mke wangu akamjibu kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, "Huu haujakauka, mama, utawaozea."

Siku zilizobaki alizimalizia juu ya paa la jengo letu. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kichina aliyepanda mboga kwenye maboksi ya povu, yale ya kubebea samaki. Nilipopanda kumtafuta mke wangu niliwakuta wamechuchumaa wote wawili, kila mmoja anaongea lugha yake, wanang'oa magugu. Bibi alimpa mbegu kwenye kikaratasi. Mimi nikamvuta pembeni.

"Amekuuzia shilingi ngapi?"

"Amenipa."

"Hapa hakuna anayetoa bure. Kesho atakuja kugonga mlango."

Alikikunja kikaratasi, akakifunga kwenye pindo la kitenge. "Wewe ukiambiwa kumekucha, unatoka nje kuhakikisha," alisema. "Na ukishaliona jua, unauliza nani amelileta."

Nilicheka. Nilidhani ni utani kama ule wa zamani. Bibi hakuja kugonga mlango.

Miaka kadhaa baadaye ndipo yalipoanza yale ambayo mimi niliyaita dalili. Kwanza, shamba la juu halikulimwa. Ekari mbili zilizokuwa hazijawahi kulala tangu tuoane, zikalala. Nilipomuuliza alisema, "Mwaka huu nimeliacha lipumzike." Pili, alianza kuzungumza nami kwa vipande. Katikati ya sentensi alinyamaza, nikasikia kimya, halafu akaendelea. Mtu anayenyamaza hivyo, nilijiambia, kuna mwingine anayemwangalia usoni. Tatu, alinitumia picha ya mahindi yaliyoanikwa uani, nami nikaivuta ikue, kama ninavyovuta picha ya mshono wa kiatu. Nyuma kabisa, kando ya mlango wa jikoni, kulikuwa na gambuti mbili nyeusi. Kubwa. Za mwanamume.

Nikampigia.

"Gambuti za nani hizo mlangoni?"

"Zangu."

"Zako? Mguu wako ni namba sita."

Kisha akasema, "Basi, Baba. Ni zangu," na hakuongeza neno.

Nilikaa na picha ile siku nne. Nilimwonyesha mwenzangu wa Mwanza. Niliona aibu kidogo, maana mke wangu alikuwa na miaka sitini na sita.

"Mzee wangu," alisema, "mapenzi hayana kustaafu."

"Siyo mapenzi ninayoyawaza. Huenda kuna mtu anamzunguka, anataka shamba."

"Basi iwe shamba. Binamu yangu yuko pale pale. Anakwenda kama mnunuzi wa mahindi, anaangalia ghala, anaangalia zizi, anaangalia gambuti. Anakupigia picha kama tunavyofanya, na karatasi, na maki, na tarehe. Ukiona, roho inatulia. Aende?"

Hapo ndipo niliposema aende. Na mimi ndiye niliyetaka karatasi iwe na maki. Mwenzangu alisema pengine tarehe inatosha. Nikasema hapana, nataka kila kitu kama kawaida, nisije nikatumiwa picha za shamba la mtu mwingine.

Yaliyotokea nyumbani niliyasikia baadaye kwa binti yetu mkubwa, anayeishi umbali wa nusu saa kwa miguu na aliyekuwapo siku ile. Mkaguzi alifika wakati wa kuvuna. Mke wangu alimkaribisha, akamchinjia kuku, akampa maji ya kunawa ya moto kwa sababu kulikuwa na baridi. Walikubaliana bei ya mahindi. Kisha mgeni akaomba kuona ghala, akaonyeshwa. Akaomba kuona zizi, akaonyeshwa. Wakati mama na binti wako jikoni wakipakua, binti alichungulia, akamwona ameinama mlangoni. Ameweka karatasi juu ya zile gambuti, anapiga picha.

Mke wangu alitoka na sahani ya ugali. Akaiona karatasi. Duara, na mstari katikati.

Aliweka sahani mezani, akasema, "Karibu chakula, mwanangu. Ukimaliza kula nitakuonyesha na chumba cha kulala, usije ukarudia njia." Yule kijana alikula macho chini. Na kweli, alipomaliza, mke wangu akamfungulia mlango wa chumba, akasimama kando, akasubiri apige picha. Kijana hakupiga.

Ripoti ilinifikia jioni ile ile, kwa ujumbe wa sauti. Nilikuwa tena mgahawani, na nikauachia usikike mezani. Mkaguzi alisema: "Mzee, hakuna mwanamume hapa. Gambuti ni za mama mwenyewe, miguu imemvimba, viatu vya kike haviingii. Shamba la juu anasema hana nguvu nalo. Ng'ombe saba, wazima. Ghala limejaa nusu, mahindi makavu."

Nilisikia "hakuna mwanamume". Yaliyofuata niliyasikia pia, masikio yangu ni mazima, lakini yaliingia kama yanavyoingia maneno ya mwisho ya ripoti ya mzigo ambao tayari umefaulu. Mwenzangu alinipigapiga begani. "Mzigo safi!" akasema, watu wakacheka, nami nikacheka, nikanunulia meza nzima chai. Hakuna aliyeuliza kuhusu miguu. Mimi niliyepaswa kuuliza nilikuwa nafurahi.

Kesho yake nilimpigia mke wangu nikiwa na sauti nyepesi.

"Mgeni wako alifika," alisema kabla sijasalimia. "Amekula, ameondoka."

"Mgeni gani?"

"Usinifanye mtoto, Baba. Ile chapa ni ya ng'ombe wangu."

Nilisema, nakumbuka vizuri, "Ni utaratibu tu wa kazi."

"Sawa," akasema. "Nimeuelewa utaratibu."

Jumamosi iliyofuata ilikuja picha. Ghala, mlango wazi, na mbele yake karatasi ya daftari yenye duara, mstari na tarehe, kwa mwandiko wake. Ikafuata ya zizi. Ya nguruwe. Ya meko, na mahindi ya mbegu juu yake. Kila moja ina karatasi. Kila Jumamosi. Alipovuna alizeti, karatasi. Mjukuu alipobatizwa, mtoto amevaa nyeupe, na karatasi imeegeshwa kando ya keki. Yeye mwenyewe hakuwamo hata katika picha moja.

Nilipompigia, mazungumzo yalikuwa haya:

"Picha umeziona?"

"Nimeziona."

"Ziko sawa?"

"Ziko sawa."

"Basi."

Nitasema ukweli: miezi ya kwanza sikuona ubaya. Nilijua kila gunia lilipo. Ilinichukua muda kugundua kwamba hanitanii tena. Hakunieleza ng'ombe gani amekuwa mkorofi, nani ameimba vibaya kanisani, nani amegombana na nani kisimani. Nilikuwa na picha za kila kitu, na sikujua habari yoyote ya nyumbani kwangu.

Krismasi ya mwaka uliofuata nilikwenda nyumbani siku kumi na moja. Nilipokelewa vizuri. Kuku alichinjwa, maji ya kunawa yalikuwa ya moto. Asubuhi ya kwanza, kabla sijamaliza chai, alisimama mlangoni na funguo za ghala.

"Twende ukaangalie."

"Siyo lazima, Mama."

"Umetoka mbali."

Nikamfuata. Alitembea polepole, kitenge kimeshuka hadi chini, na mara mbili alisimama akijifanya anatazama kitu shambani. Nilizijua zile gambuti. Nilijua pia kwamba nikiuliza habari ya miguu yake, nakiri kwamba nilikwisha kuambiwa na yule niliyemtuma, na kwamba nilikaa kimya mwaka na nusu. Hata hivyo nikajikaza.

"Miguu inakusumbua?"

"Ipo," alisema. Akafungua ghala.

Ningeweza kuomba msamaha pale, tumesimama kati ya magunia, hakuna mtu. Nilisubiri aanze yeye kulalamika ili nipate pa kushika. Hakulalamika. Siku ya kumi na moja nilipanda basi, kwa kuwa wateja walikuwa wananisubiri.

Mwaka na miezi minne baadaye, mwezi wa nne, nilikuwa Pazhou kwenye maonyesho ya biashara na wateja wawili kutoka Mbeya waliotaka pampu za kumwagilia. Binti yetu mkubwa alinipigia.

"Baba, mama amefariki asubuhi hii."

Nilikuwa nimesimama kwenye ukumbi uliojaa watu, kijana wa kampuni ananionyesha pampu inavyorusha maji. Sijui nilifikiri nini. Nimejiuliza mara nyingi kama nilifikiri chochote. Nilisema, "Nitumie picha."

Akakata simu. Tangu siku hiyo hanipigii tena; huniandikia ujumbe tu, wa mambo ya lazima.

Walinisubiri kuzika. Nilifika siku ya tatu, nikaketishwa mbele, kwenye kiti kizuri. Kwetu, kabla ya jeneza kutoka, husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliolewa lini, alizaa wangapi, na aliugua nini tangu lini. Kwa kawaida mume ndiye anayeulizwa. Sikuulizwa. Aliusoma mama mmoja wa kwaya, taratibu, huku upepo ukimgeuzia karatasi. Alisoma ekari nne na fahali wawili. Alisoma watoto sita. Alisoma kwamba marehemu aliwafundisha wanawake kumi na wanane wa mtaa ule kuchagua mbegu, jambo ambalo sikulijua. Kisha akasoma: "Miaka mitatu iliyopita, msimu wa kulima, marehemu alianza kusumbuliwa na moyo. Alianza kwa kukosa nguvu za kulima, kuvimba miguu, na kukatika pumzi anapozungumza."

Watu waliinamisha vichwa. Mimi nilikuwa nahesabu nyuma, na hesabu ilikuwa fupi.

Jioni, waombolezaji walipopungua, nilimfuata binti yangu nyuma ya jiko.

"Mlijua tangu lini?"

"Mimi nilijua ni moyo mwaka jana tu, alipoanguka. Daktari alisema tumechelewa; angeanza dawa mapema, pengine angekaa miaka mingi."

"Mbona hamkuniambia? Simu ninayo saa zote!"

Hakupandisha sauti. "Nilitaka kukupigia. Mama akanikataza. Alisema, 'Baba yenu haamini maneno. Utamtumia picha ya moyo?' Akacheka, Baba. Halafu akaniambia nimpe maji."

Nimerudi Guangzhou kwa sababu shambani sina kazi. Sasa panalimwa na binti na mumewe, na wanalima vizuri, kwa kamba. Wafanyabiashara vijana huniuliza mambo ya wakaguzi, nami nawaelekeza, maana viwanda bado ni vilevile. Wakiuliza habari za mama, nawaambia alifariki. Sijawaeleza zaidi, na ndiyo maana nimeandika.

Neno lile moja, "aende", lilinigharimu hivi. Mke wangu aliugua moyo kwa miaka mitatu na hakuniambia, kwa sababu nilikwisha kumwonyesha kwamba akiniambia siamini. Dawa zilikuwapo, na uwezo wa kuzinunua nilikuwa nao. Alikufa bila mimi, na muda mrefu kabla ya kufa alikuwa ameacha kuzungumza nami.